Maana ya Neno na Mahali pa Neno: Kamusi ya Kiingereza Mikononi mwa Mwanafunzi wa Mvumi

Katika makala haya tumekusudia kuchunguza jambo moja ambalo kwa juu juu laonekana dogo, nalo ni ule utaratibu wa kujifunza msamiati mgumu wa Kiingereza kwa kunakili maana za maneno kutoka katika kamusi. Twasema laonekana dogo kwa sababu ni jambo lililozoeleka mno mashuleni, na jambo lililozoeleka mno halitazamwi tena. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania husomeshwa fizikia, jiografia, historia na biolojia kwa Kiingereza tangu anapoingia Kidato cha Kwanza. Akilikosa neno, amelikosa somo. Kwa hiyo swali la jinsi maana ya neno inavyoelezwa, na nani aliyeieleza, na kwa ajili ya nani, si swali la walimu wa Kiingereza peke yao. Linahusu jinsi kijana wetu anavyoijua nchi yake mwenyewe.

Mfano wetu tumeuchukua Mvumi, katika uwanda wa juu wa kati, mwendo wa kama kilomita 40 kusini-mashariki ya mji wa Dodoma. Mahali hapa tumepachagua kwa makusudi. Mtoto wa huko aghalabu huanza kuita vitu majina kwa Kigogo. Hufundishwa kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Na mwishowe hutakiwa kufikiri na kujibu mitihani kwa Kiingereza. Lugha tatu katika kichwa kimoja si mzigo. Mzigo huanza pale lugha ya tatu inapomjia katika umbo la orodha ya maana zisizogusa kitu chochote alichopata kukiona, kukigusa au kukisikia katika zile mbili za kwanza.

Kila mwalimu wa sekondari analijua daftari tunalolisema. Limepigwa mstari katikati. Upande wa kushoto pana neno, upande wa kulia pana maana yake. Mwanafunzi mwenye bidii huandika maneno kumi kila jioni, akayakariri kabla ya kulala, na kwa muhula mmoja huwa amejaza daftari zima. Tukilifungua twakuta 'industrious' imeelezwa kwa 'diligent'. Kurasa chache mbele twakuta 'diligent', nayo imeelezwa kwa 'industrious'. Mwanafunzi amezunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta: amekwenda mwendo mrefu, amechoka, naye yu pale pale. Hata hivyo mwalimu akimwuliza maana ya neno lo lote kati ya hayo mawili atajibu sawasawa, na atapewa alama.

Hili si kosa la mwanafunzi. Ni ugonjwa wa zamani wa kamusi zenyewe. Samuel Johnson, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiingereza ilitoka mwaka 1755, alieleza maana ya wavu kwa maneno magumu kuliko wavu wenyewe, na wasomaji wake wamemcheka kwa hilo hadi leo. Lakini tumwonee huruma: yeye aliwaandikia Waingereza, ambao wote walikuwa wamekwisha kuona wavu. Maana ngumu haikuwadhuru. Taabu ilianza pale kamusi za namna hiyo zilipochukuliwa na kupewa watu ambao Kiingereza si lugha yao, kana kwamba nao walizaliwa humo.

Wa kwanza kulitambua jambo hili kwa ukamilifu alikuwa mwalimu aliyefundisha Bengali, Michael West. Mwaka 1935, pamoja na James Endicott, alitoa kamusi ambayo maana zake zote ziliandikwa kwa maneno 1,490 tu yaliyochaguliwa, bila kutoka nje ya hayo. Mwanafunzi aliyekwisha kuyajua maneno hayo aliweza kuifungua kamusi mahali po pote naye asipotee. A. S. Hornby, aliyefundisha Ujapani, alitengeneza pamoja na wenzake kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, ikachukuliwa na Oxford mwaka 1948. Hornby alikwenda mbali zaidi kwa upande mwingine: hakutosheka kueleza neno ni nini, bali alionyesha linakaaje katika sentensi, kitenzi kipi hufuatwa na nini, na jina lipi huhesabika na lipi halihesabiki. Kizazi baada ya kizazi cha kamusi hiyo kimefika katika shule zetu, na walimu wengi huiita kwa jina la Oxford tu, kana kwamba Oxford haina kitabu kingine. Mwaka 1978 Longman nao walitoa yao, wakirudia kanuni ya West kwa maneno yapatayo 2,000.

Tumezitaja kazi hizi kwa heshima. Watu hawa walifanya kwa ajili ya mgeni wa Kiingereza kazi ambayo Johnson hakuifikiria. Lakini hebu tutazame: mgeni waliyemfikiria alikaa wapi? Alikaa Bengali, alikaa Ujapani. Na katika matoleo ya baadaye alikuwa mgeni wa jumla, asiye na nchi. Mtoto wa Mvumi hakuwamo mezani walipokuwa wakiandika. Hatusemi hivi kwa kulaumu, kwa maana hakuna kamusi iwezayo kumkumbuka kila mtu. Twasema hivi ili mwalimu ajue kwamba kuna kazi ambayo kamusi haikuifanya, nayo yamngoja yeye.

Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, George Miller na Patricia Gildea, walieleza yaliyotokea walipochunguza sentensi zilizoandikwa na watoto wa huko baada ya kusoma maana za maneno katika kamusi. Mtoto mmoja alipewa neno 'erode'. Kamusi ilimweleza kwa maneno ambayo neno kwa neno yana maana ya kula kitu hata kikaisha, na maneno hayo hayo katika Kiingereza cha kila siku yana maana ya kwenda kula mkahawani. Mtoto akaandika kwamba jamaa yake hupenda sana ku-'erode'. Tusimcheke. Yeye alifuata kamusi kwa uaminifu mkubwa kuliko wengi wetu. Na ikumbukwe kwamba huyu ni mtoto aliyezaliwa katika Kiingereza! Ikiwa maana tupu ilimpoteza yeye, itamfikisha wapi yule aliyekutana na lugha hiyo darasani?

Neno hili 'erode' tungependa kukaa nalo kidogo, kwa sababu Mvumi ni nyumbani kwake. Mtu apitaye katika sehemu hizo hahitaji kamusi ili aone ardhi iliyoliwa. Makorongo yamekata mashamba, mizizi ya miti i wazi, na udongo mwekundu umeteremka pamoja na maji ya mvua hadi katika mito ya mchanga. Mwanafunzi wa Mvumi alivuka korongo asubuhi akienda shuleni. Huenda ndugu yake mdogo amekatazwa kucheza ukingoni mwake. Kisha anafika darasani na kunakili kwamba 'erosion' ni kulika polepole kwa uso wa ardhi kwa maji au upepo, na kwamba 'gully' ni mfereji mrefu uliochimbwa na maji. Anavikariri vyote viwili. Mara nyingi hakuna mtu anayemwambia kwamba 'gully' ni lile korongo la nyuma ya nyumba yao. Hata hilo neno 'polepole' lingempa hoja ya kubisha, kwani katika nchi ya mvua chache zinazonyesha kwa nguvu, ukingo wa korongo waweza kuanguka kwa usiku mmoja. Mwanafunzi anayeweza kuibishia kamusi kwa ushahidi wa macho yake amelijua neno. Yule anayeikariri tu amejua sauti yake.

Lakini ukiacha 'erosion', kuna ndugu yake aliye hatari zaidi, nalo ni neno 'overgrazing'. Kamusi hueleza kwamba ni kulisha mifugo mingi kupita kiasi katika ardhi, hata majani yakaharibika. Maana hii ni fupi, ni wazi, na imeandikwa kwa maneno mepesi. West mwenyewe angeikubali. Kasoro yake ni nini? Ni hilo neno 'kiasi'. Kiasi cha nani? Nani alikipima?

Swali hili halikuwa mchezo wa maneno kwa watu wa Mvumi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaujua kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, na mwaka 1986 hatua hiyo ikaifikia Tarafa ya Mvumi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walitakiwa watoke. Hapana shaka kwamba majani na vichaka vilirudi mahali pengi. Hilo limeandikwa na watu waliokwenda kupima. Hapana shaka vile vile kwamba maziwa yalikuwa machache, samadi ikawa mbali na shamba, na mtu ambaye mahari, akiba na heshima yake vilikuwa zizini alijiona amefilisika. Wataalamu wamebishana baadaye ni kwa kadiri gani ng'ombe ndiye aliyeyachimba makorongo yale, na ni kwa kadiri gani ilikuwa ukataji wa miti, kilimo cha miteremkoni, ongezeko la watu, au hali ya udongo wenyewe. Sisi hatukusudii kuamua ugomvi huo katika makala ya lugha. Tunachosema ni kwamba neno 'overgrazing' tayari limekwisha kuuamua. Ndani ya kiambishi chake cha kwanza, kile chenye maana ya 'kupita kiasi', mna hukumu kamili, na mwanafunzi anayelinakili bila kuambiwa hivyo amenakili hukumu juu ya zizi la babu yake huku akidhani ananakili msamiati.

Tuchukue neno lingine, na hapa itatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka 150. Msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe ulipoondoka Mpwapwa ulilazimika kukata nyika isiyo na maji mazuri, iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji ya chumvi. (Mgogo akisema malenga anataja maji, Mswahili wa pwani akisema malenga anamtaja bingwa wa mashairi, wala hakuna kati yao aliyekosea.) Baada ya nyika hiyo msafara uliingia Ugogo, na mojawapo ya milango ya Ugogo ilikuwa Mvumi. H. M. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alipita Mvumi Mdogo na kisha Mvumi Kubwa, na huko akatozwa hongo ya nguo kama walivyotozwa waliomtangulia. Naye alilalamika sana kitabuni mwake.

Hongo hiyo ilikuwa nini? Mtemi ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Katika nchi kavu kama ile, visima na mabwawa ndiyo uhai, na msafara wa mamia ya wapagazi pamoja na punda wao ungeweza kumaliza maji ya kijiji kizima. Mgeni alitoa nguo, shanga au waya, ndipo akapewa ruhusa ya kupita, kuteka maji na kununua chakula. Ulikuwa ushuru, wala hakuna jina lingine linalolifaa zaidi jambo hilo.

Burton, ambaye kitabu chake juu ya safari ya maziwa makuu kilitoka mwaka 1860, aliueleza ushuru huu kwa neno 'blackmail'. Neno hilo lilitokana na mipaka ya Uskoti na Uingereza, ambako mkulima alilipa kodi kwa wanyang'anyi ili wasimpore. Kwa hiyo Burton hakusema tu kwamba alilipa. Alisema kwamba aliyelipwa ni mnyang'anyi. Lugha yake ilikuwa na maneno mengine, yale ambayo Waingereza walitumia kwa ushuru wa wafalme wao wenyewe barabarani na bandarini. Aliyaacha.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa Mvumi wa leo anayesoma habari hizo katika somo la historia. Anafungua kamusi. Inamweleza kwamba 'blackmail' ni kumdai mtu fedha kwa kumtisha kwamba siri zake zitatolewa nje, kwani hiyo ndiyo maana ya neno hilo siku hizi. Basi anajifunza kwamba mtemi alizijua siri za Burton! Akienda kwenye Kiswahili ili ajiokoe, anakuta kwamba hongo katika usemi wa leo ni rushwa, kitu cha kutolewa gizani na cha kupelekewa mahakamani. Maneno yote mawili yamehama tangu karne ile, kila moja kwa njia yake, na kamusi zote mbili zimesema kweli kuhusu lugha ya leo. Lakini kweli hizo mbili zikijumlishwa zimetoa uongo juu ya mtemi wa Mvumi. Mwanafunzi huyo huenda anaishi Mvumi Makulu, yaani ile Mvumi Kubwa ya misafara, na asitambue kwamba kitabu kinasema habari za kwao.

Hapo ndipo tunapoona kwamba maana katika kamusi haina tarehe. Imeandikwa kana kwamba neno lilizaliwa jana. Kamusi kubwa za Kiingereza za kihistoria hurekebisha kasoro hii kwa kutaja mwaka ambao kila maana ilianza kuonekana, lakini hizo si kamusi ambazo shule zetu huweza kununua, wala hazikuandikwa kwa mwanafunzi.

La mwisho katika mifano yetu ya Mvumi ni neno 'famine'. Kamusi humwambia mwanafunzi kuwa ni upungufu mkubwa wa chakula katika nchi. Maana hii ni sahihi kabisa, nayo ni baridi kama jiwe. Wagogo hawakuwa na tabia ya kusema 'njaa' tu na kunyamaza; njaa kubwa zilipewa majina, na kwa majina hayo watu walihesabu miaka na kuzaliwa kwa watoto. Kubwa miongoni mwao ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, na jina hilo lina maana ya kinyang'anyiro. Ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani, na baada yao majeshi ya Waingereza, kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu, na wengine walitawanyika kwenda nchi za jirani.

Tazama tofauti ya maneno haya mawili. 'Famine' yasema kitu kilipungua. Mtunya yasema watu walinyang'anyana, na kwa sikio la mtu ajuaye habari zake yakumbusha pia walionyang'anywa. La kwanza ni hali ya hewa. La pili ni historia. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa karibu na Dodoma, mshairi tunayemkumbuka kwa ngonjera zake, aliandika kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954. Alionyesha kwamba mambo ya Ugogo yaweza kuelezwa kwa lugha pana zaidi pasipo kukatwa mizizi. Mwanafunzi wa Mvumi angeweza kufanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Hakuna sheria ya lugha inayomkataza kuandika katika insha yake kwamba 'famine' ya 1917 iliitwa Mtunya, na kisha akaeleza kwa nini.

Wapo watakaotujibu kwamba dawa ya haya yote ni kumpa mwanafunzi kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akaachana na maana za Kiingereza. Jibu hilo lina nguvu, lakini si kamili. Kamusi hizo zina historia yake. Madan alitoa ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Zile za Kamati ya Lugha, zilizosimamiwa na Frederick Johnson (huyu ni Johnson mwingine), zikatoka mwaka 1939. Zilikuwa kazi kubwa, na zimetusaidia sote. Lakini msomaji wake wa kwanza alikuwa mmisionari, mtawala au mlowezi, mtu ambaye alikijua Kiingereza na alikitafuta Kiswahili. Kwa mtu huyo ilitosha kuandika neno la Kiingereza na kulipangia maneno matano ya Kiswahili mfululizo, kwani yeye alijua tayari ni lipi kati ya matano analolitaka. Mwanafunzi wetu anaitumia kamusi hiyo kwa kinyume. Anaona maneno matano ya Kiswahili anayoyajua vizuri yakiwa yamejipanga mbele ya neno moja asilolijua, naye hana njia ya kuchagua. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 ilimgeukia mzungumzaji wa Kiswahili, na hiyo ilikuwa hatua ya maana. Hatua iliyotangulia, nayo kwa maoni yetu ni kubwa zaidi, ilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambamo Kiswahili kilijieleza chenyewe kwa maneno yake. Mwanafunzi ambaye hajapata kuona neno la lugha yake mwenyewe likielezwa vizuri atajuaje kwamba maana ya Kiingereza aliyopewa ni mbovu?

Na tukumbuke kwamba kutafsiri nako ni kutoa maana, na kutoa maana ni kuchukua msimamo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, kitabu kikatoka mwaka 1969, hakuandika 'wafanyabiashara', aliandika 'mabepari'. Mwalimu wa Kiingereza mwenye kufuata kamusi angempunguzia alama. Lakini ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na mtafsiri aliujua wakati wake. Tofauti yake na Burton ni kwamba kila msomaji wa Kiswahili wa wakati ule aliona wazi kuwa neno limechaguliwa. Darasa lenye mwalimu mzuri laweza kutumia kipindi kizima kubishana juu ya uchaguzi huo, na mwishoni litakuwa limelijua neno 'merchant' kuliko walivyolijua wale walionakili maana yake.

Suala la lugha ya kufundishia hatutalirefusha hapa. Inatosha kusema kwamba Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumiwa kufundishia katika sekondari. Kwamba pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwamba mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu wa Uingereza waliokuja kuchunguza, walikuta kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Na kwamba dawa iliyotolewa tangu mwaka 1987 ilikuwa mradi wa kuongeza vitabu na kusaidia walimu wa Kiingereza. Mtu aweza kuunga mkono au kupinga uamuzi huo. Vyo vyote iwavyo, kijana aliyemo darasani leo hawezi kungoja mjadala umalizike ndipo ajifunze neno.

Basi afanyeje? Kwanza tuseme yale ambayo kamusi huyafanya vema. Yako maneno ambayo maana yake ndiyo neno lenyewe. Kipimo cha mwendo katika fizikia, jina la tendo la maji kupenya utando katika biolojia, aina za pembetatu: haya hayana mahali wala tarehe, na mwanafunzi ayakariri bila huruma. Sisi tulio walimu wa lugha tuna tabia ya kudharau kukariri, na tabia hiyo si ya haki. Kasoro ni kuyatendea maneno yote kana kwamba ni pembetatu.

Kwa hayo mengine, tunayo chuoni kwetu njia ya zamani ambayo hatujaitumia ipasavyo, nayo ni kitendawili. Jamii zetu, za pwani na za bara, zimewafundisha watoto maana za vitu kwa njia hii tangu kale. Mtegaji husema, "Nyumba yangu haina mlango," na mtoto hutafuta hadi afike kwenye yai. Kamusi huanza na neno ikafuata maana. Kitendawili huanza na maana kikadai neno. Mtoto hapewi jibu mpaka amelipita jambo lenyewe upande huu na upande huu, akataja chungu, akataja kaburi, akakataliwa. Na akishindwa, hutoa mji, ndipo huambiwa. Neno analolipata kwa njia hiyo halimtoki.

Mwalimu aweza kuligeuza daftari lile la mstari wa katikati likawa hivyo. Mwanafunzi asilete maana ya 'gully' aliyoinakili. Alete maelezo aliyoyatunga mwenyewe kwa Kiingereza chake kidogo, bila kulitaja neno, na wenzake walitafute. Atalazimika kusema kwamba ni njia ambayo hakuna mtu aliyeichimba, ambayo yapanuka kila mvua, ambayo mbuzi huingia na asitoke. Kiingereza chake kitakuwa na makosa, nayo yatasahihishwa. Ndipo, baada ya neno kupatikana, kamusi ifunguliwe, na darasa lilinganishe: kamusi imesema nini ambacho sisi hatukukisema, nasi tumesema nini ambacho kamusi haikijui? Kazi hii huchukua muda. Maneno kumi kwa jioni hayatawezekana; huenda yakawa matatu. Tunakubali hasara hiyo.

Na kwa maneno ya namna ya 'famine' na 'overgrazing', daftari liwe na nafasi ya tatu ambayo haijazwi darasani. Mwanafunzi alipeleke nyumbani, amwulize bibi yake au mzee wa jirani jambo hilo liliitwaje, na lini, na ni nani aliyelipa jina. Mwaka 1986 haujawa mbali. Wapo Mvumi watu wanaokumbuka siku ng'ombe walipoondolewa, na neno ambalo wao walilitumia siku hiyo halimo katika kamusi yo yote ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Mwanafunzi aliandike kama alivyolisikia, kwa Kigogo, na kesho yake ajaribu kulieleza kwa Kiingereza mbele ya darasa.